Pakiti, kadi mojamoja au simu: mkusanyaji wa Mtwara na Lindi achague nini?

Wazazi na vijana wanaoanza kukusanya kadi za kuchezea na kubadilishana, kama zile za Pokémon, huku Kusini wanauliza swali moja: hela iende wapi? Iende kwenye pakiti iliyofungwa, ambayo hujui ndani mna nini? Kwenye kadi mojamoja, unayoiona kabla hujalipa? Kwenye stika za Kombe la Dunia na albamu yake? Au kwenye simu, ambako pakiti zinafunguliwa bure kila siku?

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kujaribu vyote. Asipopenda kimoja, kesho yake anapata wa kumuuzia au kubadilishana naye. Huku kwetu mambo ni tofauti. Mzigo wa Mtwara mjini unasafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Kariakoo, wakusanyaji ni wachache na wengi wanajuana kwa majina, na kadi ikishafika inazunguka mikononi mwa hao hao. Kwa hiyo msimamo wangu nautanguliza mapema: kabla hujauliza kadi ipi ni nzuri, uliza wenzako wa karibu wanakusanya nini. Ukiwa Shangani na majirani zako watatu wana albamu ya stika za Panini, wewe ukaagiza kadi za mchezo wa Yu-Gi-Oh! kwa sababu umeipenda kwenye video, umechagua kuwa peke yako. Hakuna kosa kuwa peke yako, ila ujue gharama yake, na gharama hiyo inahesabika.

Albamu ya stika: hesabu iliyo wazi kuliko zote

Naanza na stika kwa sababu idadi yake inajulikana tangu mwanzo. Panini ni kampuni ya Modena, Italia, iliyoanza mwaka 1961, na albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia ilikuwa ya Mexico 1970. Albamu ya Qatar 2022 ilikuwa na nafasi za stika 670, na kila pakiti ilibeba stika 5. Mtu anagawanya haraka: 670 kwa 5 ni pakiti 134, basi nikinunua 134 nimemaliza. Haiendi hivyo. Stika zinajirudia, na kadiri albamu inavyojaa ndivyo zinavyozidi kujirudia.

Tuchukulie kila stika ina nafasi sawa ya kutoka. Kwa kanuni za uwezekano, mtu anayefungua peke yake bila kubadilishana na yeyote atahitaji kwa wastani stika kama 4,750, yaani pakiti zipatazo 950. Nusu ya kwanza ya albamu inajaa kirahisi, pakiti 93 hivi zinatosha, na hapo ndipo mtoto anapopata matumaini na mzazi anapozidi kutoa hela. Mateso yako mwishoni. Ukishakuwa na stika 650, zile 20 zilizobaki peke yake zinadai kwa wastani stika nyingine 2,400. Nusu ya fedha yote inaliwa na stika ishirini.

Sasa weka watu watano wenye albamu tano, wanaokutana na kubadilishana kila kilichojirudia mpaka albamu zote zijae. Kila mmoja atahitaji takriban stika 2,000, pakiti 400 na kidogo. Gharama imepungua zaidi ya nusu bila duka lolote kutoa punguzo. Na mkikubaliana kuwa zile chache za mwisho mnaziagiza mojamoja badala ya kuzitafuta ndani ya pakiti, inapungua tena.

Albamu ya 2026 ndiyo kubwa zaidi: timu 48, stika 980, pakiti ya stika 7. Anayetaka kuimaliza peke yake kwa kufungua tu anahitaji kwa wastani zaidi ya pakiti 1,000. Sioni sababu ya mtu wa Mtwara au Lindi kuianza albamu ya namna hiyo bila kuwa na angalau wenzake watatu walioshika albamu ileile. Wakiwepo, stika ndizo ninazozipendekeza kwanza kwa watoto wa shule ya msingi. Wachezaji wanawajua, bei ya pakiti ni ndogo kuliko ya kadi kama za Pokémon, na albamu ina mwisho unaoonekana. Mtoto anajua amebakiza ngapi.

Pakiti ya Pokémon na kadi mojamoja

Hapa ndipo vijana wengi walipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mchezo wa kadi wa Pokémon, wale viumbe wa kubuni wa michezo ya video na katuni, ulianza Japani mwaka 1996 na ukatoka kwa Kiingereza mwaka 1999. Ukinunua pakiti ya Kiingereza ya mfululizo wa Scarlet & Violet, ulioanza mwaka 2023, utakuta kadi 10, na juu yake kadi moja ya nishati na kijikadi chenye namba ya siri ya kuingiza kwenye mchezo wa mtandaoni. Angalau kadi tatu ndani yake zinang'aa. Pakiti ya Kijapani kwa kawaida ina kadi 5 tu. Boksi la Kiingereza hubeba pakiti 36, la Kijapani 30. Zingatia hili unapoambiwa na muuzaji kwamba ana "boksi" kwa bei nzuri: boksi moja ni kadi 360, jingine ni 150, na yote mawili yanaitwa boksi. Uliza lugha, uliza pakiti ngapi, uliza kila pakiti ina kadi ngapi, ndipo mzungumze bei.

Mfululizo huo ulipoanza, pakiti moja iliuzwa Marekani kwa dola 4.49. Kwa shilingi hiyo ni zaidi ya 10,000, hapo hujaweka usafiri, ushuru wala faida ya mikono iliyoipitisha mpaka kukufikia. Na ndani yake nyingi ni kadi za kawaida, ambazo huko huko Marekani mojamoja huuzwa kwa senti chache. Yaani anayefungua pakiti akitumaini kwamba thamani ya kadi itarudisha hela yake, mara nyingi hairudi. Pakiti ni pata potea. Pale inapopatikana kadi kubwa, yaani adimu na ya thamani, watu wanapiga picha na kurusha kwenye kundi. Pale isipopatikana, hakuna picha. Ndiyo maana ukitazama simu unaona kama kila mtu anapata.

Kadi mojamoja ni kinyume chake. Unajua jina, unajua namba iliyo chini kwenye kona, unaiona mbele na nyuma, unalipa, inakuja. Kwa mtu anayetaka kucheza mchezo wenyewe, anayehitaji nakala nne za kadi fulani ili kasha lake la kuchezea, yaani fungu la kadi 60, likamilike, kufungua pakiti ni kutupa hela. Anunue mojamoja, tena aagize nyingi kwa mkupuo mmoja ili nauli ya basi igawanyike.

Lakini sitaki kumdanganya mtu kwamba raha ni ileile. Ukikata ile ncha ya pakiti iliyobanwa menomeno, harufu ya wino inatoka kwanza, halafu kijikadi cha namba, halafu unavuta kadi moja baada ya nyingine huku mwenzako amekuinamia begani, na zile za nyuma zinang'aa pembeni kabla hujazigeuza. Raha hiyo kadi mojamoja haina. Kwa hiyo jiulize unanunua nini hasa: unanunua kadi, au unanunua ile dakika? Ukijibu kwamba ni dakika, pakiti ni halali yake, weka kiasi chako cha mwezi na usikivuke. Ukijibu kwamba ni kadi, nenda mojamoja bila kusita.

Kuna swali jingine ambalo wazazi wa pwani wananiuliza kwa sauti ya chini: hii si kamari? Naliheshimu sana swali hili na sidhani linafaa kujibiwa kwa kucheka. Katika pakiti huondoki mikono mitupu, kadi kumi zilizoahidiwa utazipata. Lakini kadi zipi, hujui, na hapo ndipo penye bahati. Ubelgiji mwaka 2018 ilitamka kwamba masanduku ya bahati ndani ya michezo ya video, yale unayolipia bila kujua ndani mna nini, ni kamari, kwa hiyo si wazee wetu peke yao wanaoliona. Mzazi mwenye shaka ana njia ambayo haina utata: kadi mojamoja. Kilichouzwa kinajulikana, bei inajulikana, na moyo unatulia. Namshauri hata kama mtoto atanuna siku ya kwanza.

Bandia

Faida nyingine ya kuijua kadi kabla ya kulipa ni kujikinga na bandia, na bandia za Pokémon zimejaa. Zile pakiti zenye kadi za rangi ya dhahabu tupu mbele na nyuma, zinazoning'inizwa pamoja na magari ya kuchezea na miwani ya plastiki, si za mchezo huu. Mtoto mdogo anayetaka kuchezea tu, hana shida nazo. Shida ni pale zinapobadilishwa na kadi halali.

Kipimo ninachokipenda ni cha tochi ya simu. Kadi halali imetengenezwa kwa tabaka za karatasi zenye wino mweusi katikati. Izime taa, shika kadi mbele ya tochi, kisha shika kadi nyingine ambayo una hakika nayo. Halali inazuia mwanga kwa kiasi kikubwa, bandia nyingi zinauachia unapita kama karatasi ya daftari. Kisha geuza nyuma, tazama bluu yake. Ikiwa imefifia au inaelekea zambarau kuliko ya mwenzake, itilie shaka. Soma maandishi: herufi zilizokosewa, nguvu za ajabu zisizo na kipimo, mwandiko mnene kupita kiasi. Kagua hivi hapohapo, mbele ya aliyeileta, kwa adabu. Kati ya wakusanyaji wanaojuana, kukagua si kutukana.

Pakiti iliyofungwa ni ngumu zaidi kuikagua, na hii ni sababu moja zaidi kwa nini mimi, nikiagiza kutoka mbali kwa mtu nisiyemjua, sichukui pakiti za rejareja. Nachukua boksi lenye karatasi yake ya kiwandani, au nachukua kadi mojamoja.

Simu: bure, lakini si yako

Pokémon TCG Pocket, programu ya simu ya kufungua na kukusanya kadi za Pokémon, ilitoka tarehe 30 Oktoba 2024. Kabla ya kupanga chochote, fungua duka la programu kwenye simu yako uone kama inakuja, kama simu inaibeba, na kama bando lako litavumilia upakuaji wa mara ya kwanza. Haina Kiswahili, kwa hiyo mtoto atahitaji Kiingereza kidogo au mkubwa wa kukaa naye.

Inavyofanya kazi ni hivi: unapata pakiti moja kila baada ya saa 12, yaani mbili kwa siku, na pakiti ya kawaida ina kadi 5. Hiyo ni kadi 300 kwa mwezi bila kulipa shilingi. Uwezekano wa kila kadi umeandikwa ndani ya programu, jambo ambalo pakiti za karatasi hazikupi. Katika seti ya kwanza, Genetic Apex, yenye kadi 286, uwezekano wa kupata kadi ya taji, yaani yenye alama ya taji, adimu kuliko zote, ulikuwa asilimia 0.04 kwenye kadi ya nne ya pakiti na asilimia 0.16 kwenye kadi ya tano. Soma namba hizo kabla hujaanza kulalamika kwamba simu yako ina mkosi.

Programu hiyo ina utaratibu mmoja ambao natamani pakiti za karatasi zingekuwa nao. Kila pakiti unayofungua inakupa pointi 5, na pointi zinabadilishwa na kadi unayoitaka ndani ya seti ileile. Kadi ya almasi nne (alama za almasi, moja hadi nne, zinaonyesha uadimu chini ya taji) inadai pointi 500, yaani pakiti 100, siku 50 za kufungua bure. Kadi ya taji inadai 2,500, yaani pakiti 500, siku 250. Ni mbali, lakini kuna mwisho. Aliyejaaliwa subira anafika.

Malipo yapo pia, ya kila mwezi na ya kununua dhahabu ya kuharakishia pakiti. Hapa sisiti: usilipe. Mtu anayecheza bure amepata kitu kwa bei ya bando. Mtu anayelipa amenunua kadi ambazo hawezi kumrithisha mwanawe, hawezi kuziuza akikwama ada, wala hawezi kuzichukua siku seva zikizimwa. Hela hiyohiyo ikienda kwenye kadi za karatasi, kadi zinabaki kabatini.

Kubadilishana kwenye simu kulianza Januari 2025 na wachezaji wakalalamika sana, kwa sababu ilibidi uteketeze kadi zako nyingine ili upate tokeni za kulipia. Tokeni zile ziliondolewa baadaye mwaka huohuo, kisha ukaletwa mpango wa kugawiana: unaweza kumpelekea rafiki kadi yenye almasi moja hadi nne, moja kwa siku, bila yeye kukurudishia kitu. Orodha ya marafiki inaishia 99. Kwa mtu wa Nachingwea au Liwale ambaye hana mkusanyaji mwingine hata mmoja kijijini, hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuwa na wenzake.

Mkifungua pamoja: kila mtu chake, au kapu moja?

Tuseme mmeshajikusanya watu sita, mmechanga, boksi la pakiti 36 limefika na basi la alfajiri kutoka Dar. Mko barazani. Kabla hata karatasi ya juu haijachanwa, amueni jambo moja, maana likiamuliwa baada ya kadi kubwa kutoka, urafiki unatetereka.

Njia ya kwanza ni kila mtu chake: pakiti sita sita, unachofungua ni chako. Ni rahisi, haina mjadala, na kila mmoja anapata ile dakika yake. Ubaya wake ni kwamba mmoja anaweza kuondoka na kadi tatu kubwa na mwingine asipate hata moja, wakati wote wamechanga sawa. Kwa watu wazima wanaojiweza, inafaa. Kwa vijana waliochanga hela ya nauli na ya chipsi, naiona ngumu.

Njia ya pili ni kapu moja. Pakiti zinafunguliwa kwa zamu, lakini kadi zote nzuri zinalazwa katikati ya mkeka. Zikishaisha, mnapiga kura ya nani achague kwanza, mnachagua kwa mzunguko kuanzia wa kwanza hadi wa sita, kisha mnageuza: wa sita anachagua tena, mnarudi mpaka wa kwanza. Kule kugeuza ndiko kunakoleta haki. Aliyechagua mwisho anapata mbili mfululizo, na aliyechukua kadi kubwa kuliko zote anasubiri mpaka wenzake wote wapite mara mbili. Kadi za kawaida zinagawiwa mwishoni kwa mafungu. Inachukua jioni nzima, na mimi naipenda zaidi kwa sababu hiyohiyo. Watu wanazungumza kwa nini wanataka kadi fulani, na hapo ndipo mnajuana nani anakusanya joka, nani anatafuta maji, nani hataki chochote ila picha nzuri. Mwezi unaofuata mtu akipata joka anajua limfikie nani.

Kuna ya tatu, ambayo inakwenda kwa mtindo wa upatu: kila mwezi mmoja wenu anapokea mchango wote na kuagiza anachotaka, kwa zamu, mpaka wote wapate. Inafaa kama mnakusanya vitu tofauti, lakini inahitaji kuaminiana kwa muda mrefu, na anayehama katikati anaacha deni. Msiianze na watu mliojuana juzi.

Vile vijikadi vya namba ya siri, wengi huvitupa. Visitupwe. Mtu mmoja katika kundi lenu huenda anacheza Pokémon TCG Live, ule mchezo wa mtandaoni ambao namba hizo huingizwa, au ana ndugu Ruangwa anayecheza. Kila namba inatumika mara moja tu, kwa hiyo piga picha moja, mtumie mtu mmoja, kisha kichane kijikadi. Ukiirusha namba kwenye kundi la watu hamsini, mmoja ataifaidi na wengine arobaini na tisa watahangaika bure.

Kupeana

Sasa zawadi. Kwenye simu unampa mtu kadi kwa kubonyeza, na yeye akishaipokea basi. Ni nzuri kwa walio mbali. Zawadi ya mkononi ina kazi nyingine: inaweza kumuingiza mtu mpya. Mtoto ambaye hajawahi kuwa na kadi hata moja, ukimpa pakiti iliyofungwa, atapata kadi kumi zisizohusiana na hatajua afanye nini nazo. Ukimpa kadi kumi ulizochagua wewe, zenye uhusiano, viumbe wanaokua hatua kwa hatua kutoka mdogo hadi mkubwa, amepata mwanzo. Kwa hiyo kwa anayeanza, kadi zilizochaguliwa zinashinda pakiti. Kwa aliyekwisha kubobea ni kinyume: anazo karibu zote unazoweza kumpa, basi mpe pakiti moja afungue mwenyewe.

Kwa watoto wa Lindi na Mtwara nina kadi ninayoipenda kuliko zote kwa zawadi ya Idi au Krismasi: Relicanth. Ni kiumbe aliyebuniwa kwa mfano wa silakanti, yule samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipopatikana akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walimvua silakanti kwenye nyavu zao. Kadi za kawaida za Relicanth si ghali, hazigombewi, na mwenye duka anaweza kushangaa unaiulizia. Lakini mpe mtoto wa mvuvi kadi ile, umwonyeshe lile gamba la kahawia kama jiwe, umwambie samaki huyu yupo baharini kwenu na babu zako wamemshika. Hataibadilisha kadi hiyo na yeyote.

Mambo mengine ya kupeana ni ya adabu tu. Usimpe mmoja kadi kubwa mbele ya wenzake kumi. Usibadilishane na mtoto mdogo kadi ambayo mzazi wake angekasirika kusikia imetoka. Mwambie bei yake kwanza, kisha mwambie akamuulize mama. Na kadi uliyopewa zawadi, ukitaka kuiachia, mwambie kwanza aliyekupa.

Unyevu

Hewa yetu ya chumvi haizipendi kadi, hasa zile zinazong'aa. Upande wenye ng'aro haunywi unyevu, upande wa karatasi unakunywa, kadi inajikunja kama jani kavu. Kuanzia mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, usiache kadi juu ya meza ya chumba chenye dirisha la baharini. Kila kadi unayoithamini iingie kwenye kifuko chake cha plastiki, vifuko viingie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na ndani ya kopo tia vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vipya. Waombe wauza viatu, wengi huvitupa. Stika zilizokwisha bandikwa hazina shida kubwa, ila albamu iwekwe wima isilaliwe na vitabu. Kadi za simu, kwa upande huu tu, zimewashinda wote.

Mvua zinagusa pia usafiri. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga na mizigo ikakwama. Kama kundi lenu linataka boksi la sikukuu za mwisho wa mwaka, agizeni Oktoba, wakati hela ya korosho inaanza kuingia na barabara bado ni kavu. Mkubaliane mtu mmoja wa kupokea kwenye ofisi ya basi, jina lake na namba yake viandikwe juu ya boksi kwa kalamu isiyofutika, na atakapolichukua apige picha ya karatasi ya kiwandani ikiwa nzima kabla hajapanda bodaboda.